Mwongozo kamili: Kuhamisha folda kubwa kati ya kompyuta mbili bila kuanza upya wala kupoteza faili

Kila baada ya wiki chache hunijia ujumbe wa aina ile ile. Mtu ameanza kutuma folda ya gigabaiti 80 kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, mstari wa maendeleo umefika asilimia tisini na kitu, umeme au mtandao umekatika, na programu imeanza tena kutoka sifuri. Mwingine anaeleza kwamba kazi ilimalizika bila kosa lolote, ila video tatu kati ya mia mbili hazifunguki, na kwa kuwa alikwisha kufuta nakala za awali hana pa kuzipata.

Makosa haya mawili yana asili moja. Watumaji wengi huipima kasi kwa kuutazama mstari wa maendeleo, ilhali muda unaofaa kuhesabiwa ni ule unaoanzia amri ya kwanza hadi pale unapoweza kuthibitisha kwamba kila faili iliyofika ni sawa, baiti kwa baiti, na ile iliyoondoka. Kwa kipimo hicho, itifaki (kanuni ambazo kompyuta mbili hufuata zinapopelekeana data) isiyoweza kuendelea pale ilipokatikia ndiyo ya polepole kuliko zote, hata kama dakika kumi za mwanzo ilionekana kukimbia.

Mfano nitakaoutumia ni folda ya video ya gigabaiti 80 iliyoko kwenye kompyuta ya Morogoro, inayopelekwa kwenye seva iliyoko Mwanza. Hatua ni zile zile hata kama kompyuta zako mbili ziko meza moja.

## Mahitaji

- Kompyuta mbili zenye Linux. Mwenye Windows 10 au 11 atumie WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ambayo husakinishwa kwa amri `wsl --install`. Diski zake atazikuta chini ya `/mnt/c`, `/mnt/d` na kuendelea. Mwenye Mac asakinishe rsync mpya kwa Homebrew, kwa sababu ile inayokuja na mashine haina baadhi ya machaguo tutakayoyatumia.
- Programu za rsync ya kunakili folda (toleo la 3.1 au jipya zaidi), OpenSSH ya kuingia kompyuta ya mbali kwa njia iliyosimbwa (SSH), tmux ya kuiacha kazi iendelee ukifunga dirisha, na iperf3 ya kupima kasi ya njia. Kwenye Ubuntu: `sudo apt install rsync openssh-client tmux iperf3`, na upande wa seva ongeza `openssh-server`.
- Anwani ya IP ya seva inayofikika. Modemu na simu nyingi hazipewi anwani ya umma, hivyo kompyuta iliyo nyuma ya modemu haiwezi kupigiwa kutoka nje. Lazima yenyewe ndiyo ianzishe muunganisho. Ikiwa pande zote mbili ziko nyuma ya modemu, ziunganishe kwanza kwa mtandao binafsi (VPN) wa Tailscale, au wa WireGuard unaopitia seva ya tatu yenye anwani ya umma.
- Nafasi ya kutosha upande wa mpokeaji: ukubwa wa folda, na juu yake ukubwa wa faili moja iliyo kubwa kuliko zote.
- UPS kwa kompyuta isiyo na betri, ikiwezekana pande zote mbili.
- Kifurushi cha intaneti kinachozidi ukubwa wa mzigo. Kwa gigabaiti 80 usiingie kazini na kifurushi cha 80. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na vichwa vya pakiti pamoja na pakiti zinazorudiwa navyo hulipiwa.

## Hatua ya 1: Ujue mzigo wako

Upande wa mtumaji, andika:

```
du -sh /data/video
find /data/video -type f | wc -l
```

Amri ya kwanza inatoa ukubwa, ya pili idadi ya faili. Idadi ina uzito sawa na ukubwa, kwa sababu faili moja ya gigabaiti 80 na faili laki mbili zenye jumla hiyo hiyo ni kazi mbili tofauti kabisa. Kila faili huwa na mazungumzo yake: ifunguliwe, iandikwe, ipewe tarehe, ifungwe. Tuseme itifaki fulani hufanya maulizo matano kwa kila faili, na kila ulizo linachukua sekunde 0.18 kwenda na kurudi. Faili 20,000 zitakula saa 5 kabla hujahesabu baiti hata moja ya yaliyomo.

Kwenye seva, andika `df -hT` uone nafasi iliyobaki na aina ya mfumo wa faili. Ukiona `vfat`, ambayo kwa kawaida ni FAT32, simama hapo. FAT32 haipokei faili inayofikia gigabaiti 4, na video ndefu itakatika mlangoni kila mara huku wewe ukiulaumu mtandao. Diski za nje zenye ext4, NTFS au exFAT hazina kizuizi hicho.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye karatasi namba tatu: ukubwa wa mzigo, idadi ya faili, na nafasi iliyopo upande wa pili.

## Hatua ya 2: Pima njia kabla ya kulaumu itifaki

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila anayeniandikia, nami nitakaa juu yake kidogo.

Kwanza, vipimo. Kampuni za mtandao huuza biti, programu huonyesha baiti, na baiti moja ni biti nane. Njia ya megabiti 100 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kwa njia hiyo gigabaiti 80 zitachukua takriban saa 1 na dakika 47. Kwa waya wa gigabiti ndani ya ofisi, ambao kwa vitendo hutoa takriban megabaiti 110 kwa sekunde, utatumia dakika 12. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10, ambayo wengi wetu tunaifahamu, ni karibu saa 18. Ukiisha kulipiga hesabu jambo hili, hutahangaika kutafuta itifaki ya ajabu itakayoipita njia yenyewe.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokuambia lini uachane na mtandao. Terabaiti moja kwa megabiti 10 ni zaidi ya siku 9. Diski iliyofungwa vizuri na kupakiwa kwenye basi la Mwanza itawahi kufika, na hatua ya 5 na ya 8 za mwongozo huu zinaihusu kama kawaida.

Sasa pima. Kwenye seva andika `iperf3 -s`, kisha kwenye kompyuta ya mtumaji (192.0.2.10 ni anwani ya mfano, weka ya kwako):

```
ping -c 100 192.0.2.10
iperf3 -c 192.0.2.10 -t 30
iperf3 -c 192.0.2.10 -t 30 -R
```

Mlango (port) wa 5201 unatakiwa uwe wazi kwenye seva wakati wa kipimo, na ufungwe ukimaliza. Amri ya mwisho inapima upande wa kurudi, kwa maana kasi ya kupakua na ya kupakia mara nyingi hazilingani, na wewe unayetuma unahusika na kupakia.

Tazama mambo matatu: muda wa kwenda na kurudi unaoonyeshwa na ping, asilimia ya pakiti zilizopotea, na safu ya `Retr` kwenye iperf3, yaani pakiti zilizolazimika kurudiwa.

Sababu ya kuvitazama vyote ni hii. TCP, itifaki ya chini ambayo hubeba FTP, SFTP, SMB na rsync kwa pamoja (tutazichambua katika hatua ya 3), haipeleki data mfululizo bila kusikia jibu. Hutuma kiasi fulani, ambacho mafundi hukiita dirisha, kisha husubiri mpokeaji akiri. Programu ya zamani yenye dirisha la kilobaiti 64, kwenye njia yenye mzunguko (muda wa kwenda na kurudi) wa milisekunde 180 kama ya seva iliyokodishwa Ulaya, itatoa takriban kilobaiti 360 kwa sekunde hata kama umelipia megabiti 100. Mifumo ya leo hupanua dirisha yenyewe, lakini SSH ina dirisha lake la ndani la megabaiti 2, hivyo kwa milisekunde 180 muunganisho mmoja wa SSH hautazidi sana megabaiti 11 kwa sekunde. Mwenye njia pana zaidi ya hapo aigawe folda yake na kuendesha rsync mbili au tatu kwa pamoja.

Upotevu wa pakiti unaumiza zaidi. TCP huuchukulia kuwa dalili ya msongamano na hupunguza mwendo. Kwa hesabu ya kawaida ya TCP ya kizamani, upotevu wa asilimia 1 kwenye njia ya milisekunde 180 huiteremsha kasi hadi kilobaiti 100 hivi kwa sekunde. CUBIC, namna ya kukadiria msongamano inayotumiwa na Linux, hufanya vizuri kidogo kuliko hapo. Upotevu huo huo ndani ya ofisi, ambako mzunguko ni milisekunde 1, hauonekani sana. Ndiyo maana mtu husema "kwangu nyumbani inakwenda vizuri, nikituma nje inakufa", akadhani kuna anayembania.

Ukikuta upotevu kwenye njia ndefu, badilisha namna TCP inavyokadiria msongamano upande wa mtumaji:

```
sudo modprobe tcp_bbr
sudo sysctl -w net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr
```

BBR haihesabu kila pakiti iliyopotea kuwa amri ya kupunguza mwendo, bali hukadiria upana halisi wa njia. Pima tena kwa iperf3. Ikiwa hakuna tofauti, rudisha `cubic`.

Kwa walio ndani ya ofisi moja, kagua waya. Tafuta jina la kadi ya mtandao kwa `ip link`, kisha andika `ethtool eth0 | grep Speed`, ukiweka jina hilo mahali pa `eth0`. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Jozi moja ikikatika, kadi hushuka kimya kimya hadi megabiti 100 na hakuna anayekuambia. Na ikiwa kompyuta zote mbili zinatumia Wi-Fi ya ruta moja, kila baiti inapita hewani mara mbili. Chomeka angalau moja kwa waya.

Umefaulu ikiwa unajua kasi halisi ya njia yako kwa megabaiti, na umeigawanya kwenye mzigo ukapata saa zinazotarajiwa.

## Hatua ya 3: Chagua itifaki

FTP ya kawaida iache. Hupitisha nywila bila kuificha, hufungua muunganisho wa pili unaosumbuana na ruta, na ina mtego mbaya zaidi wa hali ya maandishi. Katika hali hiyo FTP hubadilisha alama za mwisho wa mstari ili ziendane na mfumo wa mpokeaji. Kwa faili ya maandishi ni msaada, lakini kwa picha au video ni uharibifu usio na ujumbe wa kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea mteja picha za harusi kwa njia hiyo, zikafika zote kwa idadi, kila moja imepungua baiti chache, na hakuna hata moja iliyofunguka.

SMB, yaani folda za kushirikiana za Windows, ni nzuri ndani ya ofisi yenye waya. Kwenye njia ndefu huchoka upesi kwa sababu ya maulizo mengi kwa kila faili, na haifai kuachwa wazi kwenye intaneti.

SFTP na scp ni salama, na tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022 scp yenyewe hutumia SFTP kwa ndani. Kwa faili moja au mbili zinatosha kabisa. Tatizo ni kwamba scp haijui kuendelea: ikikatika, faili inaanza upya.

Kwa kazi yetu ninapendekeza rsync juu ya SSH, wala sioni sababu ya kusitasita. Hulinganisha pande mbili kabla ya kutuma, huruka faili zilizokwisha kufika, huendeleza iliyokatikia njiani, hushughulikia faili nyingi bila kusubiri jibu la kila moja, na kila faili iliyotumwa huikagua kwa jumla ya ukaguzi (checksum) kabla ya kuiweka mahali pake.

## Hatua ya 4: Andaa SSH isiyokuuliza nywila na isiyolala

```
ssh-keygen -t ed25519
```

Kisha fungua faili ya `~/.ssh/config` na uandike:

```
Host mwanza
    HostName 192.0.2.10
    User hifadhi
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 4
```

Malizia kwa `ssh-copy-id mwanza`, ambayo itauliza nywila kwa mara ya mwisho.

Ufunguo unahitajika kwa sababu usiku wa manane, mtandao utakaporudi, hutakuwepo kuandika nywila. Mistari miwili ya mwisho inaifanya SSH igonge mlango kila sekunde 30, na ikikosa jibu mara nne ikubali kwamba muunganisho umekufa. Bila hiyo, muunganisho uliokufa unaweza kukaa umeganda kwa saa nyingi, ukionekana mzima.

Tahadhari: ufunguo wa siri ni ule usio na `.pub`. Haupelekwi kwa mtu yeyote, hata fundi.

Umefaulu ikiwa `ssh mwanza` inakuingiza ndani bila swali. Ikiwa uliuwekea ufunguo wako nywila, anzisha `ssh-agent` ndani ya tmux ya hatua ya 7 kabla ya kutuma.

## Hatua ya 5: Chukua alama za vidole za faili

Kabla baiti moja haijaondoka, tengeneza orodha ya hashi:

```
cd /data/video
find . -type f -print0 | sort -z | xargs -0 sha256sum > ~/orodha.sha256
```

Hashi ya SHA-256 ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaotokana na yaliyomo kwenye faili. Biti moja ikibadilika, mfuatano mzima hubadilika.

Wapo wanaouliza kwa nini tujisumbue, ikiwa TCP ina ukaguzi wake. Ukaguzi wa TCP ni namba ya biti 16 tu kwa kila pakiti, na hauoni lolote linalotokea kabla pakiti haijatengenezwa au baada ya kufunguliwa: kumbukumbu mbovu ya RAM, kebo ya USB inayolegea, diski inayokaribia kufa. Hata ukaguzi wa rsync huishia pale data ilipokabidhiwa kwa mfumo iandikwe. Orodha yako inaanzia kwenye diski ya kwanza na kuishia kwenye diski ya mwisho.

Kazi hii inasoma folda nzima. Kwa diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 80 ni kama dakika 13.

Tahadhari: orodha iandikwe nje ya folda unayoituma, kama tulivyofanya, la sivyo itajihesabu yenyewe ikiwa haijakamilika na baadaye itakupa kosa la uongo. Na kuanzia sasa hadi mwisho wa kazi, mtu asihariri chochote ndani ya folda.

Umefaulu ikiwa `wc -l ~/orodha.sha256` inatoa idadi ile ile uliyoiandika katika hatua ya 1.

## Hatua ya 6: Fanya zoezi bila kutuma

```
rsync -avn /data/video/ mwanza:/srv/hifadhi/video/
```

Herufi `n` inaiambia rsync ieleze ingefanya nini bila kufanya. Angalia mkwaju wa mwisho baada ya neno `video` upande wa kwanza. Ukiwepo, maana yake ni "yaliyomo ndani ya video". Usipokuwepo, maana yake ni "folda yenyewe ya video", nawe utajikuta na `/srv/hifadhi/video/video`. Kosa hili peke yake limewafanya wasomaji kadhaa kutuma mzigo mara mbili, kwa sababu mara ya pili waliandika amri kwa namna nyingine na rsync haikuiona kazi ya jana.

Tahadhari: ukikuta mahali unashauriwa kuongeza `--delete`, usiongeze katika kazi hii. Chaguo hilo hufuta upande wa mpokeaji kila kisichokuwepo kwa mtumaji, na mkwaju uliokosewa pamoja na `--delete` ni msiba.

Umefaulu ikiwa orodha inayotokea inaanza na majina ya faili zilizo ndani ya folda, na hakuna ujumbe wa ruhusa kukataliwa.

## Hatua ya 7: Tuma

Fungua kwanza tmux, ili kazi isife ukifunga dirisha la amri. Andika `tmux new -s tuma`. Ukitaka kuondoka na kuiacha ikiendelea, bonyeza Ctrl na b, achia, kisha d. Kurudi ni `tmux attach -t tuma`. Ikiwa unatuma kwa kompyuta mpakato, zima pia mpangilio wa kulala ukifunga kifuniko, kwa sababu tmux haiwezi kuiamsha mashine.

Kisha hifadhi maandishi haya kwenye faili uliyoiita `tuma.sh`:

```
for jaribio in $(seq 1 200); do
  rsync -a --partial-dir=.nusu --info=progress2 --timeout=300 \
    /data/video/ mwanza:/srv/hifadhi/video/
  kodi=$?
  case $kodi in
    0) echo "Imekamilika"; break ;;
    10|12|30|255) echo "Imekatika, jaribio la $jaribio"; sleep 60 ;;
    *) echo "Kosa la $kodi, kagua"; break ;;
  esac
done
```

Endesha kwa `bash tuma.sh`.

Herufi `a` inahifadhi tarehe na ruhusa za faili. Tarehe si urembo: katika kurudia, rsync huamua kuiruka faili kwa kulinganisha ukubwa na tarehe ya mwisho kubadilishwa. Wanaoiacha huona kila kitu kikitumwa tena, wakadhani programu imeharibika.

Chaguo la `--partial-dir=.nusu` huiweka faili iliyokatikia njiani kwenye folda iliyofichwa hadi itakapokamilika. Lipo pia chaguo fupi la `--partial`, linaloiacha nusu ya faili mahali pake ikiwa na jina lake kamili, ambapo mwenzako wa Mwanza anaweza kuifungua asubuhi na kudhani ameipata yote. Ninapendelea la kwanza.

Namba za kosa ndizo akili ya maandishi haya. Namba 10, 12, 30 na 255 kwa kawaida ni matatizo ya muunganisho, hivyo tunasubiri dakika moja na kujaribu tena. Namba 11 inahusu kuandika au kusoma diski, mara nyingi kwa sababu imejaa. Namba 23 ina maana baadhi ya faili hazikutumwa, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa. Hizi hazitibiki kwa kurudia. Wanaotumia mzunguko usio na kikomo huamka asubuhi na kukuta mashine imegonga diski iliyojaa usiku kucha. Ukiona namba 12 inajirudia papo hapo kila mara, hilo nalo si tatizo la mtandao: angalia nafasi kwenye seva, na kama rsync imesakinishwa huko.

Usiongeze `-z` kwa video, picha za JPEG au faili za ZIP. Zimekwisha kubanwa, na kuzibana tena ni kuchosha kichakataji bure. Kwa maandishi, CSV na nakala za hifadhidata, `-z` inaweza kupunguza mzigo sana.

Ukituma mchana wakati ofisi inafanya kazi, ongeza `--bwlimit=800`, yaani kilobaiti 800 kwa sekunde, au namba iliyo chini kidogo ya uwezo wa njia yako. Anayejaza njia yote ya kupakia huwafanya wenzake washindwe hata kufungua barua pepe.

Umefaulu ikiwa baada ya dakika tano kasi inayoonyeshwa inakaribia uliyoipima katika hatua ya 2. Robo tatu yake inaridhisha. Ikiwa ni chini ya nusu, andika `top` pande zote mbili. Mchakato wa ssh ukionekana umeshika karibu asilimia 100, kichakataji kinashindwa na kazi ya kusimba. Kwenye mashine ndogo jaribu kuongeza `-e "ssh -c aes128-gcm@openssh.com"`, ambayo ni nyepesi pale kichakataji kinapokuwa na maagizo ya AES. Ikiwa ssh imetulia, mshukiwa ni diski. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye USB 2.0 hukomea takriban megabaiti 35 kwa sekunde, na hapo hakuna itifaki itakayokusaidia.

Tahadhari kuhusu umeme: mtandao ukikatika, rsync ya upande wa seva hupata muda wa kuihamishia nusu ya faili kwenye `.nusu`. Umeme wa seva ukikatika ghafla haipati muda huo. Utakuta faili iliyofichwa, yenye jina linaloanzia kwa nukta na kuishia kwa herufi sita za ovyo. Faili hiyo moja itaanza upya, zilizotangulia zitabaki salama. Baada ya kazi kuisha, zifute hizo za ovyo.

## Hatua ya 8: Hakiki

```
scp ~/orodha.sha256 mwanza:
ssh mwanza
cd /srv/hifadhi/video
sha256sum -c --quiet ~/orodha.sha256
echo $?
```

Kwa `--quiet`, faili nzima hazitajwi. Zinatajwa zilizokosekana au zilizoharibika tu. Ikiwa mzigo wako ni mdogo kuliko RAM ya seva, iwashe upya seva kwanza, kwa kuwa ukihakiki papo hapo unaweza kuwa unasoma nakala iliyobaki kwenye RAM badala ya iliyo kwenye diski.

Umefaulu ikiwa hakuna jina lililotajwa na mstari wa mwisho ni `0`.

Faili ikitajwa kuwa imeharibika, usiendeshe `tuma.sh` tena bila kuifuta faili hiyo kwenye seva. Ukubwa na tarehe yake vinaweza kulingana na ya awali, na rsync itairuka kwa kuamini ni nzima. Ifute, tuma tena, hakiki tena.

Ikiharibika mara ya pili, rudi Morogoro na uchukue hashi ya faili hiyo moja kwenye chanzo. Ikiwa imetofautiana na iliyo kwenye orodha, kuna mtu aliyeihariri baada ya hatua ya 5, au diski ya chanzo inasoma vibaya. Amri ya `sudo smartctl -a /dev/sda` itakuonyesha hali yake, na ukiona idadi ya sekta zilizohamishwa inapanda, nakili kila kitu kutoka kwenye diski hiyo leo hii. Ikiwa hashi ya chanzo haijabadilika, kosa liko Mwanza: pima RAM ya seva kwa Memtest86+ usiku mzima, na ubadilishe kebo ya diski kabla ya kutuma tena.

Nakala za Morogoro zifutwe baada tu ya `0` kuonekana, na baada ya orodha ya hashi kuwekwa pamoja na folda kwenye seva, kwa sababu atakayeihamisha tena mwakani ataihitaji.